Kuomba taa za barabarani ziboreshwe: barua iende kwa nani, iseme nini, na ipelekwe lini

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa,

Katika nyuzi nyingi za hapa watu wamelalamikia giza la mitaa yao katika Mkoa wa Dar es Salaam, na karibu kila mara malalamiko hayo huishia kwenye sentensi moja: "Serikali itufungie taa." Hoja yangu ni kwamba sentensi hiyo, hata ikiandikwa kwa adabu na kusainiwa na mtaa mzima, haina pa kutua. Haimtaji mwenye barabara, haisemi ni nguzo ipi, na haigusi swali ambalo mhasibu yeyote wa umma hulitanguliza, yaani nani atalipa umeme na matengenezo baada ya fundi kushuka kwenye ngazi. Ombi linalokuja na majibu ya maswali hayo matatu husomwa kwa jicho jingine, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Nianze na mwenye barabara, maana hapo ndipo barua nyingi hupotelea. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilhali barabara za wilaya, ambamo zimo nyingi tunazozitumia mitaani, zilikuwa chini ya halmashauri mpaka Julai 2017, TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilipoanza kazi na kukabidhiwa mzigo huo. Kwa hiyo mkazi anayetaka taa kwenye Barabara ya Morogoro, ya Kilwa au ya Bagamoyo anamwandikia Meneja wa TANROADS wa Mkoa, na jirani yake wa nyumba ya nne kwa nyuma, ambaye mlango wake unatazama barabara ya mtaa, anamwandikia Meneja wa TARURA wa Wilaya. Wote wawili wampelekee nakala mkurugenzi wa halmashauri yao, kwa sababu halmashauri ndiyo yenye madiwani, na madiwani ndio wanaoweza kumuuliza meneja mbele ya kikao barua ya wananchi imefikia wapi.

Hapo hapo kuna jambo dogo linalowachanganya hata watu waliokaa mjini miaka mingi. Tangu Februari 2021, inayoitwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mkazi wa Mbagala, kwa mfano, yuko Manispaa ya Temeke, na barua yake kwa Mkurugenzi wa Jiji itakuwa imepelekwa nyumba isiyo yake. Kinondoni, Ubungo na Kigamboni nazo zina wakurugenzi wao.

TANESCO je? Wengi hukimbilia huko kwa sababu taa ni umeme. Shirika hilo huuza umeme na kuunganisha mita. Umeme usipofika kwenye mita ya taa, hilo ni lao. Taa ikiungua wakati umeme upo, hilo ni la mwenye taa. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama safu nzima wakati wa usiku: ikizimika nguzo moja katikati ya nyingine zinazowaka, tatizo huwa kwenye taa yenyewe au waya wake, ikizimika safu yote kuanzia kona moja hadi nyingine ilhali nyumba za jirani zina umeme, tafuta swichi kuu, kebo iliyokatwa au kuibiwa, au mita ambayo hakuna aliyeilipia.

Sasa tuje kwenye nguzo. Kabla ya kuandika chochote, watu wawili au watatu wapite barabara yote usiku na kuandika kila nguzo ilivyo, wakiipa namba na kuitaja kwa alama inayojulikana, kwa mfano "nguzo ya tatu baada ya msikiti, mkabala na duka la dawa." Wasiandike "taa mbovu" na kuishia hapo. Taa isiyowaka kabisa ni habari moja. Ile inayowaka kwa dakika chache, ikazima, kisha ikawaka tena, ni dalili ya balbu ya sodiamu, ile ya zamani yenye mwanga wa njano, iliyochoka. Taa inayowaka mchana kutwa ina kihisi mwanga kilichoharibika, na hiyo inakula umeme mara mbili ya inavyostahili. Ipo taa nzima kabisa iliyofunikwa na matawi ya mwarobaini, ambayo dawa yake ni panga na kibali. Kuna nguzo iliyogongwa na lori ikalala pembeni, na kuna sehemu ambayo haijawahi kuwa na nguzo. Mambo haya kwa mhandisi ni kazi tofauti zenye bei tofauti, na baadhi yake hazihitaji kusubiri bajeti mpya kwa kuwa ni matengenezo ya kawaida. Ukiyachanganya yote chini ya maneno "tunaomba taa", unamlazimisha ayatibu yote kama mradi mkubwa, na mradi mkubwa husubiri fedha.

Suala la umeme nitalieleza kwa hesabu, kwa sababu ndilo linaloachwa nje ya barua nyingi. Taa ya sodiamu ya wati 250, ikijumlishwa na chombo chake cha kuiwasha, hula takribani wati 275. Huku kwetu usiku ni saa 12 au karibu na hapo mwaka mzima, hivyo taa moja hula kama uniti 1,204 kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 120, ambayo hutosha kuchukua nafasi yake kwenye barabara nyingi, hula kama uniti 526. Bei ya kundi la T1, ambamo taa za barabarani zimo, ilipangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, mwaka 2016 kuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Kwa bei hiyo tofauti ni karibu shilingi 198,000 kwa nguzo moja kwa mwaka, na kwa barabara yenye nguzo 30 inakaribia shilingi milioni 6. Mtakaoandika, tumieni bei iliyo kwenye ankara ya sasa. Njia ya kukokotoa ni ile ile.

Lakini hesabu hii ina mtego, na afisa makini atauona haraka. Taa iliyokufa haili umeme. Kama nguzo 20 kati ya 30 hazijawaka kwa muda mrefu, basi kuweka LED kwenye zote 30 hakutapunguza ankara ya sasa. Kuna uwezekano kutaiongeza. Ni bora kulisema hilo wazi katika barua kuliko kuahidi uokoaji ambao hautatokea: semeni kwamba ankara ilinganishwe na ile ambayo ingelipwa kama taa zote za zamani zingekuwa zinawaka, na kwamba nguzo zinazowaka mchana zikirekebishwa peke yake zitarudisha sehemu ya gharama. Barua inayokiri hivyo huaminika hata katika mambo mengine inayoyasema.

Kuhusu wakati, mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kwa kawaida vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, kuelekea mwisho wa mwaka, ili halmashauri zijadili bajeti zao mwanzoni mwa mwaka unaofuata na Bunge lianze kazi yake Aprili. Barua ya kuomba nguzo mpya inayofika Mei imekuja watu wakiwa wamekwisha kula na kunawa. Ipelekeni kati ya Septemba na Novemba, ikiwa imeambatanishwa na muhtasari wa mkutano wa mtaa, kisha mfuatilie hadi iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Maombi ya matengenezo hayana msimu; hayo yapelekwe wakati wowote.

Mfano wa barua ninaopendekeza ni huu. Maneno yake ni ya kiofisi (K.K. ni "Kupitia Kwa"), na mengine yamezeeka, lakini masjala imeyazoea na hakuna faida ya kushindana nayo.

Wakazi wa Mtaa wa ..........,
Kata ya ..........
(Tarehe)

Meneja wa Wilaya,
Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA),
Wilaya ya ..........

K.K. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wa ..........

YAH: OMBI LA MATENGENEZO NA UBORESHAJI WA TAA ZA BARABARA YA .........., KUANZIA .......... HADI ..........

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa mtaa uliotajwa, katika mkutano wetu wa tarehe .........., ambao muhtasari wake umeambatanishwa, tuliazimia kuwasilisha ombi hili. Barabara tajwa ina nguzo .......... za taa. Ukaguzi tulioufanya usiku wa tarehe .......... umeonyesha kuwa nguzo .......... haziwaki, nguzo .......... zinawaka mchana, nguzo .......... zimefunikwa na matawi, na kwamba kati ya .......... na .......... hakuna nguzo kabisa. Orodha ya kila nguzo na mchoro wa barabara vimeambatanishwa.

Tunaomba, kwanza, matengenezo ya nguzo zilizopo yafanyike ndani ya mwaka huu wa fedha. Pili, ubadilishaji wa taa za sodiamu kuwa LED na uongezaji wa nguzo katika sehemu iliyotajwa uingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao. Na tatu, tujulishwe kwa maandishi ni ofisi ipi inayolipia umeme wa taa hizi na namba ya mita inayohusika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(majina, saini na namba za simu za wawakilishi)

Nakala: Mkurugenzi wa Halmashauri, Diwani wa Kata, Mtendaji wa Kata.

Pelekeni nakala mbili, moja ibaki masjala na nyingine irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri huo haina umri, na mtu akiulizwa baada ya miezi sita atasema kwa utulivu kabisa kwamba hajaiona. Ombi la tatu katika barua, lile la kujulishwa, lina meno yake: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa kumjibu raia aliyeomba ndani ya siku zisizozidi 30. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kufunga taa, ila inamlazimisha kujibu, na jibu la maandishi linalosema "umeme wa taa hizi hulipiwa na ofisi fulani" limewahi kumaliza mabishano ambayo vikao havikuyamaliza.

Karibuni kwa hoja, hasa mafundi umeme na waliowahi kukaa kwenye Kamati za Maendeleo ya Kata.

MCHANGIAJI, MBAGALA

Mleta mada, nakushukuru kwa uchambuzi. Sina ugomvi na hesabu za umeme, lakini kwa wakazi wa huku kwetu taa ni suala la vibaka kabla ya kuwa suala la ankara. Akina mama lishe hufunga vibanda mapema kwa hofu, na vijana wa bodaboda hukataa baadhi ya njia ikishapita saa tatu usiku. Kwa nini barua yako haisemi lolote kuhusu uhalifu, wakati hilo ndilo linalowasukuma watu kuhudhuria mkutano wa mtaa?

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Mbagala, hoja yako ni ya msingi na barua inaweza kubeba aya moja ya usalama. Nimeiacha nje ya mfano kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu hutia chumvi mpaka barua nzima ikapoteza uzito. Ukiandika kwamba mtaa wenu "umekuwa uwanja wa wahalifu", afisa atakujibu kwamba hilo ni suala la Polisi, na atakuwa amejitoa kwa sentensi moja. Ukiandika kwamba matukio fulani yaliyoripotiwa kituoni yametokea kati ya nguzo ya nane na ya kumi na mbili, ambazo ndizo zisizowaka, umelirudisha suala kwenye meza yake.

Kwamba mwanga hupunguza uhalifu, ushahidi upo. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa kali za muda kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakalinganisha na makazi ambayo hayakupata. Makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa takribani asilimia 36. Hata hivyo, minara ile ilikuwa na mwanga mkali kuliko taa ya kawaida ya mtaani, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuahidi asilimia hiyo hiyo kwa taa tatu za pembeni ya soko. Kinachosaidia zaidi kwa mazingira yetu ni kueleza nani anapita wapi na saa ngapi. Jua huzama hapa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, maana yake wanafunzi wa zamu ya mchana, wafanyakazi wanaoshuka kwenye daladala na wanawake wanaotoka sokoni hutembea gizani kila siku ya kazi, si katika msimu fulani tu. Tajeni kituo cha daladala, lango la shule, zahanati na kivuko cha mfereji. Hizo ndizo sehemu ambazo mhandisi akilazimika kuchagua nguzo tano kati ya 30 atazitanguliza, na ni bora mmchagulie ninyi.

MCHANGIAJI, FUNDI UMEME

Mleta mada amesema "LED" kana kwamba LED zote ni moja. Naomba niongeze ya kiufundi, kwa kuwa nimeona barabara zilizobadilishiwa taa na wakazi wakabaki wanalalamika.

Jambo la kwanza ni rangi ya mwanga. Taa za bei nafuu sokoni huwa na mwanga mweupe unaoelekea bluu, wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,000 au 6,500, ambao unachoma macho ya dereva na kuingia vyumbani mwa watu. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000. Kabla ya hapo, mji wa Davis, California, ulijikuta ukibadilisha upya taa zake za LED baada ya wakazi kulalamikia ukali wake, na gharama hiyo ya pili isingekuwepo kama swali lingeulizwa mapema. Kwa ndugu zetu wa fukwe za Kigamboni, rangi na mwelekeo wa taa ni muhimu zaidi, kwa sababu kasa hutaga huko, na watoto wa kasa wanaotoka kwenye mayai usiku hufuata mwanga. Taa iliyoelekezwa ufukweni huwapeleka barabarani badala ya baharini.

La pili, msikubali balbu ya LED ipachikwe ndani ya kichwa cha zamani cha sodiamu na kazi ikahesabiwa imekwisha. Kichwa kile kilitengenezwa kwa balbu inayotawanya mwanga pande zote na kioo cha kuurudisha chini. Ukiweka kitu kingine ndani yake, mwanga utaenda usikotakiwa, na chombo cha zamani cha kuwashia kikiachwa kwenye mzunguko kinaweza kuua taa mpya. Ombeni kichwa kizima kibadilishwe.

La tatu, kinachokufa haraka kwenye taa za LED kwa kawaida si ile chembe ya mwanga, ni kifaa kinachoilisha umeme, na huku kwetu kinauawa na umeme kupanda ghafla. Kwa hiyo katika mapendekezo yenu andikeni kinga ya umeme kupanda ya kilovolti 10, ganda lenye kiwango cha IP65 au zaidi dhidi ya vumbi na maji, na dhamana ya miaka mitano. Karibu na bahari, nguzo iwe ya chuma kilichochovywa kwenye zinki, maana rangi peke yake haiwezi kushindana na chumvi.

Kuhusu umbali, kanuni ya kazi ni nguzo kuachana mara tatu hadi nne ya urefu wake. Nguzo ya mita 8 iachane na mwenzake mita 24 hadi 32. Mkiona mchoro wa mkandarasi umeweka mita 50, ulizeni, kwa sababu mtapata vidimbwi vya mwanga na giza katikati, na jicho lililotoka kwenye mwanga mkali huona giza hilo kuwa zito kuliko lilivyo. Neno la mwisho kwa faida ya wanaojali usalama: chini ya sodiamu rangi hazitambuliki vizuri, gari jekundu na la kahawia hufanana, LED nzuri humwezesha shahidi kusema shati lilikuwa la rangi gani.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Nawasalimu ndugu wa Tanzania. Huku kwetu swali la mwenye taa lina jibu la kikatiba: Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeitaja taa ya barabarani waziwazi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mkaazi hupeleka malalamiko yake kwa serikali ya kaunti na kwa mwakilishi wa wadi, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria yetu ya kupata habari, nayo ya mwaka 2016, inatoa siku 21, na saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Hata hivyo, msidhani kuandikwa kwenye Katiba kunawasha taa. Barabara kubwa za kitaifa zinapita katikati ya jiji, serikali ya kitaifa nayo imekuwa ikifadhili taa, na mwananchi huona nguzo asijue ni ya nani. Tunayo pia milingoti mirefu ya taa kali katika mitaa ya mabanda, ambayo watu waliipa jina la "mulika mwizi." Imesaidia sana kwenye viwanja vya wazi na sokoni. Udhaifu wake ni kwamba mwanga ukitoka juu mahali pamoja, vichochoro kati ya nyumba hubaki na vivuli virefu, na hitilafu ikitokea kwenye mlingoti mmoja mtaa mzima huingia gizani mara moja. Mkipewa nafasi ya kuchagua, uwanja upeni mlingoti na vichochoro mvipe taa ndogo zilizo karibu karibu.

MCHANGIAJI, VINGUNGUTI

Mleta mada, barua yako inadhani kila mtu ana barabara. Sisi wengine tunaishi kwenye njia ambazo hata bajaji haipiti vizuri, na sidhani kama ziko kwenye orodha ya TARURA. Wakazi wako tayari kuchangishana na kununua taa za sola. Je, tuchange au tuendelee kuomba?

MLETA MADA

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu kidogo.

Njia isiyo kwenye orodha ya mwenye barabara haina fungu la matengenezo, kwa hiyo barua kwa TARURA itarudi, na kisheria watakuwa na sababu. Milango iliyobaki ni halmashauri yenyewe kupitia kata, miradi mikubwa ya kuboresha makazi, kama DMDP, mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam, wa mkopo wa Benki ya Dunia iliyojenga barabara za mitaani Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na mifereji na taa, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao sheria yake ni ya mwaka 2009 na ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Kwa taa chache za vichochoroni mfuko huu unafaa kuliko mradi mkubwa, kwa sababu fedha inayohitajika ni ndogo na kazi huisha haraka.

Kuhusu kuchangishana, msimamo wangu ni kwamba wakazi wasichange kwa ajili ya barabara ambayo tayari ina mwenyewe. Tunalipa tozo ya mafuta kila tunapopanda daladala, na mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA; mtu akilipia pia nguzo ya barabara hiyo kwa mfuko wake, atakuwa amelipa mara mbili na kumpa meneja sababu ya kuusogeza mtaa huo mwisho wa foleni. Kwa kichochoro kisicho na mwenyewe, changeni, lakini kwa masharti.

Taa za sola zilizounganishwa kila kitu pamoja, paneli juu na betri ndani yake, ndizo rahisi kununua na ndizo zinazowahi kufa, kwa sababu betri hukaa kwenye joto la paneli mchana kutwa. Maandishi ya wati kwenye boksi yasiwadanganye. Ulizeni ni lumeni (kipimo cha kiasi cha mwanga) ngapi na betri ni ya aina gani. Betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma hudumu kuliko ile ya risasi na asidi, na haivutii wezi wa betri za magari kwa kiwango kile kile. Paneli ifutwe vumbi, hasa kiangazi na kwenye njia zisizo na lami. Kwa hiyo mchango usiishie kwenye bei ya kununua. Kubalianeni tangu mwanzo kiasi kidogo cha kila mwezi kwa kila nyumba, kitunzwe kwa ajili ya betri ya pili, kwa kuwa betri itahitajika hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, pateni kibali cha maandishi, hata kama njia ni nyembamba. Chini yake kunaweza kupita bomba la maji, na juu yake waya za TANESCO. Kama nguzo itasimama ukutani kwa mtu au ndani ya kiwanja chake, mwenye nyumba aandike kwamba ameridhia na kwamba mnunuzi wa nyumba hiyo siku za mbele hatakuwa na haki ya kuing'oa bila kuuarifu mtaa. Haya yote yaingizwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, pamoja na jina la mtunza fedha na zamu ya kufuta paneli. Muhtasari ukishasainiwa, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa mtaa na nyingine iende halmashauri, kwa sababu njia hiyo ikija kupanuliwa, mkandarasi atauliza nguzo zile ni za nani na nani wa kulipwa fidia ya kuzihamisha.